Mlezi Asiyeachia

Machi 4

Mvua imeanza. Paa la maabara linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya friza la zamani, na tumeweka ndoo ileile. Chiriku ameenda shule na koti la mvua la marehemu mama yake. Linamfika chini ya magoti. Nilitaka kumwambia achukue langu, nikaishia kumfungia vifungo.

Naandika hapa jambo ambalo sitaki kulisema kwa mdomo. Dada yangu alianguka akianika nguo, akafa kabla watu hawajamfikia. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umetanuka kupita kiasi, akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyekufa hivyo. Mama akajibu "hakuna" upesi upesi, kama anayefukuza kuku sebuleni. Sasa mtoto wa Dada anaishi nami. Ana miaka kumi na miwili, anaongea tangu anapoamka mpaka anapolala, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Mimi ni mama yake mdogo, na naogopa kwamba kilichomuua mama yake kimo pia kifuani mwake. Hiyo ndiyo hofu yangu, basi.

Machi 6

Mkuu wa maabara amenikabidhi protini mlezi. Nilipomweleza Chiriku nilitumia shanga zake. Protini ni uzi wa shanga uliojikunja kwa namna yake, na ukikunjuka haufanyi kazi tena. Joto likizidi, nyuzi hukunjuka, hukamatana ovyo na kuwa donge, kama ute wa yai jikoni. Kazi ya mlezi ni kuudaka uzi unapoanza kukunjuka, kuushika usijichanganye na wengine, kisha kuuachia ukishatulia.

"Kama wewe kwenye foleni ya chanjo," akasema Chiriku. "Ila wewe hukuniachia."

Mlezi huyu anakaa kwenye lenzi ya jicho na kwenye misuli ya moyo. Hafanyi kazi peke yake. Wawili hushikana ubavu kwa ubavu, kisha jozi hizo hukusanyika kuwa mpira mmoja. Mkuu anataka tujue hivi: ukiharibu pale wawili wanaposhikana, mpira unakuwaje, na mlezi anamshikaje mteja wake, yaani ule uzi anaoudaka? Kwa hiyo nina vichupa viwili. Kimoja ni MGONJWA, ambaye tumembadilisha shanga moja kwenye kiungo hicho makusudi. Kingine ni MZIMA.

MZIMA anatoka kwangu. Ni desturi ya maabara yetu tangu zamani: anayeanza mlezi mpya hujikwangua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, tunachukua maelekezo yaliyomo kwenye mwili wake, tunawapa bakteria, wanatutengenezea protini iliyo nzima. Maelekezo ya MGONJWA husomwa herufi kwa herufi kabla ya kutumika. Ya MZIMA hayasomwi. Nani apoteze muda kusoma mate yake mwenyewe? "Fungua kinywa, mzima wetu," akasema Jirani, mwenzangu wa benchi ya pili, akinishikia kioo kama kinyozi.

Machi 12

Chiriku kasahau mwavuli. Bakteria wanakua vizuri kuliko mboga zangu za dirishani.

Machi 20

Leo tumewatia kwenye joto. Unamchanganya mlezi na mteja wake, unakizamisha kichupa kwenye maji ya moto, unangoja. Mlezi akiwa hodari, kichupa kinabaki angavu. Akishindwa, ukungu unaingia, kwanza kama pumzi kwenye kioo, halafu kama maziwa.

MGONJWA aliingia ukungu kama tulivyotarajia. MZIMA naye akaingia ukungu.

"We vipi?" nikasema kwa sauti. Jirani akadhani ni yeye, akaomba radhi.

Machi 21

Nimerudia. Vilevile.

Machi 22

Nimerudia kwa maji mapya na mteja mpya. Vilevile. Mvua kutwa nzima.

Machi 27

Umeme ulikatika mara mbili na jenereta likakohoa tu. Nimepata wa kumlaumu, nikafurahi kidogo. Nilipopima ukubwa wa ile mipira, ya MZIMA ilikuwa mikubwa ajabu na hakuna miwili inayolingana. Nikaandika pembeni: "umeme". Umeme haupanui protini, lakini karatasi haibishi.

Chiriku alirudi anahema. Amekimbia kutoka shule kwa sababu ya mvua, ndivyo alivyosema. Nikamkalisha, nikaweka kiganja kifuani mwake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Bila shaka ungekwenda mbio, mtoto alikuwa amekimbia. Lakini nikamwambia hachezi tena mpira wa pete mpaka nitakaposema.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Mama alikuwa ananiruhusu."

Nikamvua koti lililolowa. Mama yake alikuwa anaruhusu kila kitu, na yuko wapi?

Machi 28

Chiriku haongei. Nyumba nzima kimya. Sikujua friji letu linanguruma namna hii.

Aprili 2

Nimefanya jambo la aibu. Nimerudia mara nyingi mpaka sina tena pa kushika. MZIMA na MGONJWA wanafanana. Wote wawili wanamshika mteja, tena kwa nguvu, wanamng'ang'ania, hawamwachii, na mwishowe mlezi na mteja wanazama pamoja na kuwa donge chini ya kichupa. Mimi nikajiambia: mgonjwa ameingia kwenye kichupa cha mzima. Na kama ameingia, yupo aliyemwingiza. Jirani ndiye anayefunga maabara jioni. Jirani ndiye anayecheka sana.

Nikamfuata mbele ya watu. "Nani anachezea vichupa vyangu?"

"Mimi nichezee vyako? Vyangu vyenyewe vinanishinda."

"Sitanii."

Akanitazama. Akaweka pipeti chini, taratibu, kama anayeweka kikombe cha moto. "Dada, hujalala vizuri," akasema. "Mimi sijagusa kitu chako. Ukitaka, nitoe funguo nikupe."

Akazitoa kweli. Zimekaa mezani pangu mchana wote na sikuthubutu kuzigusa. Wenzetu wawili walipita wakinipa kisogo, na nilistahili.

Aprili 4

Jirani amekuja asubuhi na kijiti cha pamba mdomoni kama mtoto anayelamba peremende.

"Chukua," akasema. "Tengeneza mzima mwingine, kutoka kwangu. Akiharibika na huyu, basi ni mashine. Asipoharibika..." Akakitoa kijiti mdomoni, akakiweka mezani pangu.

"Asipoharibika, nini?"

"Tutaona."

Nilimwomba radhi. Alipunga mkono, akasema mama mkwe wake amewahi kumshutumu kwa makubwa zaidi.

Aprili 9

Paa la darasa la Chiriku linavuja. Wamerudishwa mapema. Tumekaa dirishani tukihesabu madimbwi. Kaanza kuongea tena, asante Mungu.

Aprili 17

Mzima wa Jirani amebaki angavu.

Nimemweka kwenye maji yaleyale, mashine ileile, mteja yuleyule, umeme huuhuu. MGONJWA akawa maziwa. MZIMA wangu akawa maziwa. MZIMA wa Jirani, unaweza kusoma gazeti kupitia kichupa chake. Mipira yake midogo, inalingana. Nilipopunguza joto alimwachia mteja, na mteja akajikunja upya na kufanya kazi yake.

Nilirudia mara ya pili. Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu siku ile aliyokata sentensi yake. Alitoa shavu lake ili nione kwa macho yangu mwenyewe, maana angeniambia ningemrarua.

"Peleka maelekezo yako yakasomwe," akasema. "Yale ya shavu lako."

"Huenda nilikosea kuyanakili."

"Huenda," akasema. "Peleka tu."

Sijapeleka. Nimeweka kichupa cha maelekezo hayo mfukoni mwa koti na kukitembeza mjini kama mtu aliyebeba nyoka. Nikawa nafikiri juu ya macho ya Mama. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho macho yote mawili kabla hajafika arobaini, tukaambiwa ni jua la kufanya kazi nje. Mimi, ambaye nasoma kila siku kwamba mlezi huyu analinda jicho na moyo, sikuwahi kuyaweka macho ya Mama na moyo wa Dada kwenye sentensi moja. Au niliweka, nikaifuta.

Aprili 18

Nimepeleka.

Aprili 20

Nimekwenda kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole zaidi ya macho. Nikamuuliza kuhusu mjomba, kaka yake, aliyefariki mimi nikiwa mdogo. Tuliambiwa homa.

"Unataka nini na marehemu?"

"Alikufaje, Mama?"

Akaendelea kuchambua. Akatupa chuya, akatupa mchele mzuri pamoja nazo. "Alikuwa kwenye ngazi anapaka rangi ukuta wa shule. Wakasema alianguka. Lakini yule aliyekuwa ameshika ngazi aliniambia, mama we, kaka yako alikufa kwanza ndipo akaanguka."

"Na daktari alipouliza Dada alipokufa, ukasema hakuna."

"Ningesemaje, mwanangu?" Akasimamisha vidole kwenye mchele. "Nilikuwa nimemzika mmoja. Nikitaja, ni kama nawaita wengine kwa majina. Nilifikiri nisipolitaja litatupita."

Nilikuja na hasira nimezipanga kama vyombo kabatini. Zote zikaniponyoka. Nilimshika mkono, tukachambua mchele pamoja, na hofu yake na yangu zikawa zinafanana kabisa.

Aprili 26

Majibu yamekuja. Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti akaketi upande wangu wa meza. Kwa miaka yote nimemwona mtu wa baridi, mkavu kama kuni. Leo alinimiminia maji mpaka yakafurika mezani.

Sikukosea kunakili. Shanga moja ya mlezi wangu imebadilika. Si ileile tuliyombadilisha MGONJWA. Ni ile ya upande wa pili wa kiungo, inayoshikana nayo mkono. Ukikata mkono huu au ule, salamu inakatika. Wale wawili wanakaa upogo, mpira unavimba, mlezi anashika bila kuachia. Mkuu alifungua mdomo kusema jambo la kisayansi, kwa sababu kwa kweli ni ugunduzi, akaufunga. Nilimshukuru kwa hilo.

Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo, moja ya baba na moja ya mama. Kijiti changu kiliokota ile mbovu. Kwa hiyo Mama anayo, na mjomba alikuwa nayo, na Dada karibu hakika. Chiriku ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi.

"Nikwangue shavu lake," nikasema. "Kesho nitakuwa na jibu."

"Hapana." Mkuu hakupandisha sauti. "Hapa si hospitali. Mtoto si kichupa. Atapelekwa kwa wanaojua kusema naye, na ataulizwa kwanza kama anataka. Na wewe uende ukapimwe moyo. Unanisikia? Wewe."

Nikasema nasikia.

Mei 3

Niliweka kijiti cha pamba ndani ya mkoba. Nakiri kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Asubuhi Chiriku alikuwa anapiga mswaki, povu limejaa mdomoni, huku anaongea, maana hata mswaki haumnyamazishi. Nikasimama mlangoni. Ningesema, "Fungua kinywa nione jino." Angefungua bila kuuliza. Sekunde mbili, na baada ya hapo ningejua.

Kisha? Ningejua peke yangu. Ningemtazama akila, akicheka, akipanda kitandani, na yeye hajui ninachokitazama. Mama alifanya hivyo kwa miaka yote hiyo, akaharibu mchele mzuri.

Nimekivunja kijiti, nikakitupa. Halafu nikakaa ukingoni mwa bafu, nikashika kichwa.

"Mama Mdogo, unaumwa?"

"Suuza kinywa," nikasema. "Kuna jambo nataka tuzungumze."

Nilimweleza yote kwa shanga zilezile. Nilimweleza ya mjomba, ya bibi yake, ya mama yake. Alinisikiliza bila kukatiza hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko kitu kingine.

"Kwa hiyo ndiyo maana ukaninyima mpira wa pete?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia." Machozi yakamtoka. "Nilifikiri ni kwa sababu mimi si mtoto wako."

Mei 6

Nimeandika barua ya ruhusa kwa mwalimu wa michezo, kisha nikaichana. Daktari wa moyo amemsikiliza Chiriku na kumpima kwa mashine ya picha za moyo. Kwa sasa moyo uko sawa, anaweza kucheza taratibu. Lakini kwa sasa ni kwa sasa. Wa mama yake nao uliwahi kuwa sawa.

Mei 8

Mshauri wa hospitali alimuuliza Chiriku, si mimi, kama anataka kujua. Chiriku akauliza, "Nikijua, kuna cha kufanya?" Mshauri akasema kipo: kufuatiliwa, dawa mapema, na kifaa cha kulinda mapigo ya moyo kikihitajika. "Mama hakuwa na hivyo," akasema Chiriku. "Nataka kujua." Wakachukua damu. Mimi ndiye niliyegeuza uso.

Mei 11

Mvua. Hakuna majibu.

Mei 14

Hakuna. Nimeunguza maharage, nimeosha sufuria, nimeunguza mengine.

Mei 17

Jirani ameniletea kichupa chake angavu na kukiweka mezani pangu bila kusema kitu. Ametaka kunichekesha. Nilicheka, kisha nikatoka kwenda kulia chooni. Niliporudi alikuwa ameosha vyombo vyangu vyote vya maabara, na huyo ni mtu ambaye vyake mwenyewe huviosha vikishaota ukungu.

Mei 19

Naogopa asubuhi kuliko jioni. Asubuhi simu inaweza kulia.

Mei 20

Chiriku ameniuliza kama kufa kunauma. Nilisema sijui. Akasema, "Mama alikuwa ameshika shuka langu." Nilimkumbatia mpaka akasema namkaba.

Mei 23

Wamepiga. Kesho kutwa. Hawasemi kwenye simu.

Mei 25

Bado inanyesha. Tulifika hospitali tumelowa, tukaketi kwenye benchi refu la korido pamoja na watu wengine waliolowa. Mshauri alitoka mwenyewe kutuita. Nilijaribu kuusoma uso wake, ukawa mgumu kama kitabu cha lugha nyingine. Nikabaki kwenye benchi. Chiriku akanivuta.

Mshauri hakuzungusha maneno. Alimtazama mtoto, akasema, "Huna. Nakala zako zote mbili ni nzima."

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka mtu alifungua mlango kuuliza kama kuna shida. Nilimshika Chiriku, nikamzungusha, nikagonga kiti, nikamwomba mshauri radhi, nikaomba na kiti radhi. Nilimpigia Mama simu, naye akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata kwenye msiba. Chiriku alikuwa anacheka na kusema "niache nipumue, niache nipumue," na nikamwacha. Kwa mara ya kwanza tangu Dada aondoke nilivuta pumzi mpaka chini kabisa.

Tukatoka koridoni. Nikawa naongea mimi, tukanunue nini, tumpitie nani, aanze mpira wa pete hata kesho. Nikagundua naongea peke yangu. Chiriku alikuwa amesimama.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Zile herufi zilisomwa kwako kwanza. Wewe ndiye uliyekuwa na ile mbovu. Ulinieleza mwenyewe, kwa shanga." Akanikamata kiwiko. "Umepimwa moyo?"

Nilitafuta uwongo. Huwa ninao tele, siku hiyo sikupata hata mmoja.

"Bado."

"Mkuu wako si alikuambia uende?"

"Nilikuwa nasubiri yako kwanza."

Akanitazama, maji yakimdondoka kutoka kwenye koti. Uso ule niliujua. Ndio niliokuwa nikiuona kwenye kioo msimu mzima, na sikuwahi kufikiri unaweza kunigeukia mimi. Nilitaka kumwambia usiogope, kisha nikakumbuka hilo neno halijawahi kunisaidia hata siku moja.

Akaniacha pale, akaenda moja kwa moja dirishani kwa muuguzi, akasimama kwa ncha za vidole ili aonekane.

"Samahani," akasema, "mama yangu naye anatakiwa kupimwa moyo. Leo."

Muuguzi akanitazama juu ya miwani, akaniuliza jina langu.  Chiriku ndiye aliyelitaja, kwa sauti, herufi kwa herufi.